Alama ya Mama Vifungo

Mama Vifungo alikuwa ameshona suruali za nusu ya mji, lakini hakuwahi kupiga kura. Enzi za marehemu mumewe, siku ya uchaguzi yeye alibaki na cherehani yake. Mume alikwenda, akarudi na wino kidoleni. Ukimuuliza mle ndani kuna nini, anajibu, "Siri," kisha anaomba chai. Siri gani hiyo, inayokaa ndani ya darasa la shule? Jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote.

Sasa mji ulikuwa unachagua diwani, na wagombea walikuwa wawili tu. Mmoja ni shemeji yake, mwenye duka la saruji na mabati. Cherehani ya Mama Vifungo ilikaa kwenye baraza la duka hilo, na hakuwahi kudaiwa kodi. Wa pili ni mkunga wa zahanati, aliyempokea mjukuu wake gizani, tochi ameing'ata kwa meno, na ambaye sasa aliahidi umeme wa zahanati kabla ya kitu kingine chochote. Moyo wa Mama Vifungo ulikuwa kwa mkunga. Baraza lilikuwa la shemeji. Shemeji akijua, baraza ndiyo basi tena.

"Wanajua kila mtu kampa nani," alisema muuza mkaa, akisubiri kiraka chake. "Wanaziangalia karatasi moja moja."

"Yako wataijua bila kuhangaika," akadakia mkwe wa Mama Vifungo, mke wa mwanawe. "Itakuwa na vidole vyako vyote vitano."

Mama Vifungo alicheka, lakini usiku ule usingizi ulimpaa.

Asubuhi ya uchaguzi watu wa foleni walimsogeza mbele mpaka kwenye kivuli, hata hakuomba. Ndani ya darasa aliangalia kila kitu kama mtoto aliyepelekwa sokoni. Kumbe ni hivi tu! Meza, kichupa cha wino, sanduku linaloonyesha karatasi zilizomo, na pembeni vijumba vya maboksi vya kujificha. Kwenye benchi alikaa kinyozi, wakala wa shemeji, mtu ambaye habari haimlali mdomoni.

Msimamizi, mama mwenye miwani, alimkabidhi karatasi. "Weka alama kwenye kisanduku kando ya picha, mama, halafu uikunje."

Nyuma ya boksi palikuwa na kalamu iliyofungwa kamba, basi. Hakuna jicho, hakuna sikio. Alizitazama zile picha mbili. Mkono wake, uliozoea chaki, ukafanya kazi yake ya kila siku. Kitambaa chenye doa au tundu fundi hukipiga mkasi wa chaki, mistari miwili iliyokatana, maana yake hiki usikitumie. Akampiga shemeji mkasi. Mkunga akamwacha safi, kama kitambaa kizuri kinachosubiri kukatwa. Akakunja karatasi pindo kwa pindo, akatoka ameridhika.

Alipofika kwenye sanduku, macho yakaangukia tangazo ukutani. Alisoma polepole, midomo ikicheza: *Mwekee alama yule unayemtaka.*

Lo! Basi kura yake ilikuwa ya shemeji! Karatasi ilikuwa tayari imegusa mdomo wa sanduku. Akairudisha kifuani.

"Nimekosea," alisema. "Ndiyo nimekwisha?"

Kinyozi akanyoosha shingo. "Umekosea vipi, Mama Vifungo? Hebu tuone!"

"Shingo hiyo irudishe ilikotoka," msimamizi akamwambia, akasimama katikati yao. Kisha kwa sauti ya chini: "Usiifungue, mama. Haijaingia sandukuni, kwa hiyo unapewa nyingine. Wewe siyo wa kwanza, mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitetemeka mpaka kalamu ikanidondoka."

Ile ya kwanza msimamizi aliitia kwenye bahasha ya zilizoharibika bila kuichungulia. Ya pili Mama Vifungo aliiwekea alama taratibu, akaikagua kama anayekagua mshono wa bibi harusi, akaitumbukiza. Iliposhuka alitabasamu peke yake. Wakampaka wino.

Shemeji alikuwa amesimama mbali na lango la shule, mahali wagombea walipoelekezwa. Kinyozi alikuwa ameshatoka na kumnong'oneza.

"Shemeji, naambiwa ulichukua karatasi mbili."

"Moja niliiharibu. Kazi ngeni hiyo."

"Na ile nzima, ulimpa nani?"

Mama Vifungo hakupepesa macho. "Nikikwambia wewe leo, shemeji, kesho atakuja mwingine kuniuliza, na yeye nitashindwa kumnyima."

Shemeji alitia mikono mifukoni. Alikuwa ameshaelewa, au alikuwa karibu kuelewa. Kinyozi alisubiri mdomo wazi.

"Marehemu kaka naye hakuwahi kuniambia," shemeji alisema mwishowe. "Haya. Kesho njoo mapema, baraza nitakufungulia mwenyewe. Hizi suruali zangu zote zinaburuta chini."