Mboni Iliyokataa Jua

Kwa heshima na taadhima, nawatangazia binadamu wote, walio macho na wanaosinzia darasani, kwamba mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki jicho lisilotii jua. Utawala wangu ulianza asubuhi baada ya chai, ukafikia kikomo siku hiyohiyo mchana, nilipoipiga kichwa nguzo ya goli nikidhani ni mpira.

Jicho lenyewe lilikuwa la kushoto. Mdogo wangu wa kike ana jicho moja vivu, na daktari alimpa matone ya kutia kwenye lile zima, lipumbae kidogo ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Tone moja tu, na mboni, yaani kile kitundu cheusi cha katikati, hufunguka kama mlango uliosahauliwa. Ukiimulika tochi haifungi. Likizo ilipoisha nilikiazima kile kichupa bila kumsumbua mwenyewe kwa kumwomba.

Shuleni wananiita Mheshimiwa. Bwenini kwetu walikuwa wameletwa kidato cha kwanza wapya, bado wanatembea wameshikana mikono kwenda msalani. Kipaza, anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa na tochi. Tukashusha mapazia.

"Sogeeni, msiogope, au ogopeni kidogo," Kipaza akasema, kwa sauti ile iliyompa jina. "Jicho lililo hai linauogopa mwanga. Mkimulikwa, mboni zenu zinajikunja zenyewe, wala hamziamrishi, kama konokono aliyeguswa pembe. Sasa mtazameni Mheshimiwa. Ana jicho la kaburi."

Akamulika la kulia. Mboni ikanywea ikawa kama punje. Akamulika la kushoto. Ikakodoa tu, nyeusi, pana, haina habari na mtu. Mwanga uliingia humo na haukurudi.

Mmoja, mfupi, mwenye kaptula inayomfika magotini, akauliza kama jicho hilo linaona nani atafuata kufa.

Nikamgeuzia. Nikamtazama nalo muda mrefu. "Usiulize kama hutaki jibu, mdogo wangu."

Akaangua kilio. Kipaza ikabidi aume mto ili asicheke.

Mchana tukaenda uwanjani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mlango usiofungwa huingiza kila kitu. Jua lote la dunia lilikuwa linaingia kwenye jicho moja. Mpira ulipopigwa kuja kwangu ulikuja miwili, ikiwa imevaa duara la mwanga kila mmoja. Niliuchagua usio wenyewe. Nikaamka nikiwa chini ya nguzo ya goli, nyuso zimenizunguka.

Nesi wa shule ni mama mcheshi. Aliniketisha kitandani, akanikanda uvimbe kwa barafu, akaniuliza leo ni siku gani.

"Ni siku ya maombolezo ya kitaifa," nikamwambia.

"Kichwa kizima hiki, hakina neno," akacheka, na bado anacheka akatoa tochi ndogo mfukoni. Akamulika kulia. Akamulika kushoto.

Kicheko kikakatika. Akarudia kulia, akarudia kushoto, safari hii akinishika kidevu, na vidole vyake vilikuwa vimepoa.

"Mwanangu," akasema, "lala chali. Usiinue kichwa. Usizungumze."

Watu wazima wanapoanza kukuita mwanangu, na waliokuwa wakikuita mtukutu jana wakanyamaza ulipopita, jua kuna jambo. Nikamsikia akipiga simu upande wa pili wa pazia: "Amegonga kichwa, mboni moja imefunguka, haijibu mwanga. Ndiyo. Nahofia damu inavuja ndani inabana ubongo. Njooni sasa hivi."

Hapo ningesema. Najua. Lakini muhula uliopita Mkuu wa shule alimwita mama, na mama akanipigania mpaka karibu apige magoti, na Mkuu akanigeukia: "Mzaha mmoja tena, na begi lako litakutangulia nyumbani." Shule nyingine ya kunipokea haikuwepo, mama alikwishazimaliza zote. Nikajiambia nitalala hospitali siku moja, matone yataisha nguvu, jicho litapona kwa muujiza.

Kipaza alikuja mbio mpaka kwenye gari la wagonjwa. Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

"Mheshimiwa, waambie."

"Wewe funga domo."

"Waambie, bwana! Hawa hawatanii."

Mlango ukafungwa.

Hospitalini nilisukumwa kwenye ukumbi mrefu, taa za darini zikinipita moja baada ya moja, na kila moja ilinichoma jicho la kushoto peke yake. Daktari wa upasuaji, bonge la mtu asiyekuwa na tabasamu la akiba, akanimulika, akaguna. Mashine ya picha za kichwa ilikuwa imeharibika. "Kumpeleka kwingine ni mbali," akamwambia msaidizi wake, maneno yakipita juu ya tumbo langu kama vile mimi ni meza. "Kama inavuja hafiki. Andaeni chumba. Tunatoboa."

Nilifikiri anazungumzia ukuta.

Mama akafika moja kwa moja kutoka kiwanda cha mikate, bado amevaa ile kofia ya wavu ya kazini, unga kwenye viwiko. Wakampa karatasi. Niliona kalamu ikimtetemeka, akaweka sahihi, akaja kuinama juu yangu. Jicho langu lilimwona mama mwenye ukungu.

"Unaniona, baba?"

"Nakuona, mama."

"Nitakuwa hapo nje ya mlango, sibanduki." Akawa anasema tu, maneno yakimtoka yenyewe. "Mdogo wako analia huko nyumbani. Na asubuhi nimemchapa kwa ajili ya kile kichupa chake. Anaapa hajakipoteza, nami nikamwita mwongo. Siku gani hii, Mungu wangu."

Wakamtoa. Akaja kijana na mashine ya kunyolea, na nywele zangu zikaanza kudondoka shingoni. Nikafungua mdomo. Zikaingia nywele, nikaufunga.

Wakati huo akaingia daktari wa macho, mwanamke mdogo, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa ameitwa atazame kabla hatujaingia. Akaniambia nifuate kidole chake: juu, chini, pembeni.

"Ajabu," akasema. "Ubongo ukibanwa kiasi hiki, kope hulegea na jicho hushindwa kugeuka. Hili linacheza kama la paka. Na mwenyewe yuko macho kuliko sisi."

"Hatuna muda, daktari," yule bonge akasema.

"Endeleeni kuandaa. Sitawachelewesha." Akatoa kichupa. "Tone hili huifunga mboni. Kama shida ni ubongo kuacha kuamrisha, mboni yenyewe ni nzima, itatii tone. Kama kuna dawa iliyoilevya, haitatii."

Akatia kulia, akatia kushoto, akavuta kiti.

Tukasubiri. Chumba cha pili vyuma viligongana kwenye sinia. Sikujua niliombee nini jicho langu. Likifunga, natobolewa. Likibaki wazi, nimekwisha. Nikaliambia kimoyomoyo lifunge, kisha nikaliambia lisifunge, nalo kama kawaida yake halikunisikiliza.

Daktari akawasha tochi. La kulia lilikuwa limebaki nukta, kama ncha ya sindano. La kushoto lilikodoa, jeusi, pana, halina habari na mtu.

Akazima tochi. Akamwashiria kijana aiweke chini mashine.

"Uliweka nini?"

"Daktari, kwa unyenyekevu mkubwa, ningependa kueleza kwamba..."

"Mama yako yuko nje ya mlango. Unaniambia mimi, au namwita umwambie yeye?"

Nusu ya kichwa changu ilikuwa na upara. Sikuwa na sauti nyingine ya kujifichia.

"Mwite," nikasema.

Mama akaingia akikimbia, akidhani ameitwa kuniaga.

"Mama, sivuji damu. Niliiba matone ya mdogo wangu nikayatia jichoni, nitishe watoto bwenini. Hakupoteza kitu yeye. Hakusema uongo."

Alinitazama jicho moja kisha la pili, kama anayetafuta ni lipi la mwanawe.

"Uliniona nikitia sahihi?"

"Nilikuona."

"Kalamu inanitetemeka mkononi, ukaiona?"

"Niliiona, mama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."