Mkasi wa Shingoni

Mwendesha mashtaka aliuinua mkasi juu kama mtu anayenadi samaki.

"Mheshimiwa, alikuja na silaha. Mwongozo wa adhabu uko wazi: kuchoma mtu, miaka mitano, kuja na silaha, ongeza miwili."

Hakimu alitazama kamba iliyofungwa kwenye mpini, nyeusi kwa jasho. Asubuhi mkuu wake alikuwa amemwambia, "Dada, fuata jedwali la adhabu. Anayefuata jedwali halaumiwi na mtu."

"Hii kamba ni ya nini?"

Fundi cherehani, mwanamke aliyesimama kizimbani, alimwahi wakili wake. "Ya shingoni, mheshimiwa. Ukiweka mkasi mezani huuoni tena, vitambaa vinaumeza. Mimi hata chooni naingia nao."

Watu wakacheka. Hakimu akawaacha.

Mambo yenyewe hayakuwa na ubishi. Shemeji wa fundi alimfuata mkewe, dada yake fundi, dukani kwa fundi, akamkaba koo. Fundi akamchoma begani, mwanamume akaachia. Kisha fundi akamchoma tena. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa dada yake, wala si kosa. Alitiwa hatiani kwa la pili.

"Unajuta?" hakimu akamuuliza. Majuto yangempunguzia mwaka.

Wakili alimkazia macho: sema ndiyo, mama.

"Bega nalionea huruma, ni la kazi. Mwenye bega, hapana. Akimgusa tena dada yangu, atanikuta."

Wakili akashika kichwa.

"Umejinyima mwaka mzima kwa mdomo wako," hakimu akasema.

"Afadhali, kuliko kukudanganya."

Hakimu akavua miwani. "Hakuja na silaha. Alifuatwa kazini, amevaa mkasi wake. Miwili inatoka. Majuto hakuna, simpunguzii kitu. Inabaki mitano, nayo iliwekewa mtu aliyeanza ugomvi. Jedwali halina mstari wa aliyezidisha pigo akiokoa ndugu yake. Sheria inaniruhusu kuliacha jedwali nikitoa sababu, na sababu ndizo hizo. Mwaka mmoja, kifungo cha nje."

"Mheshimiwa, hiyo ni chini mno!" mwendesha mashtaka akapinga. " Tutakata rufaa."

"Kateni. Nimeandika kila neno, na jina langu liko chini yake."

"Na mkasi wangu?" fundi akauliza.

"Ni kielelezo. Utabaki hapa mpaka rufaa iishe."

"Haya." Akamgeukia dada yake, aliyekaa benchi la mbele na kitambaa shingoni. "Inuka, twende tukanunue mwingine. Na kamba."