Abee ya Kitanda cha Sita

Saa nne asubuhi skrini ya wodini ilikuwa ikijichora upya mara sitini kwa sekunde, na mistari ya mioyo ya wagonjwa ikipita laini kama mafuta. Mama wa kitanda cha sita alikuwa amebonyeza kengele tangu saa tatu u nusu. Kompyuta kuukuu iliyoendesha skrini na kengele pia, ikishughulika kuchora, haikupata nafasi ya kusikia.

Fundi wa programu, binti wa huyo mama, akapunguza: mara nne kwa sekunde. Papo hapo kengele ikaitika, "Abee!" Sauti ilikuwa ya fundi mwenyewe. Aliirekodi kwa sababu mama yake hakulea mtoto wa kuitika "Nini?"

Tangu hapo wodi nayo ikaenda mara nne kwa sekunde. Muuguzi alikuwa mlangoni, mara yuko kitandani. Katikati hapakuwa na hatua. Sindano ilikuwa nje, mara iko ndani. Hilo wagonjwa walilipenda.

"Mwanangu, mbona umetokea tu?" mama aliuliza, pumzi ikimkata.

"Si nimefika, Mama?"

"Umefika. Zamani nikikuita ulipitia kwanza jikoni."

Saa saba mkurugenzi akaleta wageni waliotaka kununua mtambo huo.

"Mbona skrini inarukaruka kama panzi? Rudisha sitini."

"Bosi, ikichora sana haisikii. Mama yangu kifua kimembana, akiita je?"

"Wageni wanatazama, dada. Hawabonyezi."

Fundi akaomba ishirini. Bosi akasimama nyuma ya kiti chake mpaka ikasoma sitini.

Wageni wakapiga makofi. Mstari wa kitanda cha sita ukapita laini, ukazidi kulainika, kisha ukanyooka.

"Huo ndio mzuri kuliko yote," mgeni mmoja akasema.

Fundi akakimbia. Kwa mara sitini, kutoka mezani hadi kitandani hatua zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyorukwa.

Saa kumi mkataba ulikuwa umesainiwa, wageni wameondoka, na skrini imerudishwa nne. Mama wa usafi alikuwa akitandika shuka mpya kitanda cha sita wakati kengele ilipoanza kuitika. "Abee! Abee!" Mara kumi na moja, kila mbonyezo wa saa saba na jibu lake. Alingoja ziishe, maana si adabu kumkatiza mtu anayeitika.

"Sauti yako hiyo, dada?" akamwuliza fundi aliyesimama kando ya kitanda.

"Yangu."

"Umelelewa vizuri," akasema, akachomekea shuka.