Maua Kwenye Jina la Faili

Shangazi Gwantwa alifika kwenye steshenari yangu hapa Tunduma na flashi mkononi, kilemba cha sendofu tayari kichwani. Jioni hiyo angesimama ukumbini kumpa mpwa wake Judith maneno ya kumuaga kabla ya harusi yake.

"Niprintie, mwanangu. Eva ndiye aliyenitaipia kwenye simu."

Eva, mdogo wake bibi harusi, alilipatia faili jina la emoji tupu, kopa na maua, kama anapamba status. Kwenye folda yalionekana vizuri. Nilipojaribu kulifungua kwa programu yangu ya zamani ya kuandikia, maua yakageuka vijisanduku, ikadai faili hilo halipo.

"Halipo vipi, na mimi naliona?" Shangazi akainamia skrini.

"Programu hii mzee, Shangazi. Maua hajui kuyasoma. Anamtafuta mtu anayeitwa Sanduku Sanduku, na humu hayumo."

Alicheka, ila akaitupia jicho saa ya ukutani. Nami nikawa nawaza: kama tatizo ni jina tu, basi maneno ya ndani hayajaguswa. Nikafuta maua, nikaandika "judith". Likafunguka, kila neno mahali pake.

Alipokwisha kutia karatasi kwenye pochi, akanigusa bega.

"Sasa lirudishie maua yake."

"Halitafunguka tena hapa, Shangazi!"

"Ndivyo nitakavyo. Flashi ni ya Judith, mchana anakuja nayo kuprinti ratiba hapahapa, na namjua kwa udadisi."