Biri Zisizo na Mkanda

Mgeni wetu Gerrit alitua Havana akiwa anajua kila kitu. Alijua historia yetu, alijua majina ya barabara zetu, alijua hata saa umeme utakaporudi, jambo ambalo mimi niliyekaa mji huu miaka sitini na tatu sijalijua bado. Mambo mawili tu yalimpita kando, pesa na biri, na kwa bahati mbaya hayo ndiyo aliyopenda kutufundisha.

Tuanze na pesa. Aliposhuka kwenye ndege alikwenda moja kwa moja dirisha la benki, akatoa euro mia nane, akapewa peso elfu tisini na sita na risiti safi. Mtaani kwetu euro hizo zingempa zaidi ya mara mbili. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

"Najua, Migdalia," akasema. "Lakini mtaani ni kinyume cha sheria. Mimi nikienda nchi ya watu nafuata sheria zao."

"Mungu akubariki, mwanangu," nikamwambia. Hela zake, kichwa chake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilikuwa mgonjwa hasa. Mota ya friji yangu ilikuwa imekufa wiki iliyopita. Najua mtasema friji ya nini katika mji wenye umeme wa kuonjesha. Majirani walisema hivyo hivyo. Lakini chumba tunachopangisha wageni ndicho kinachotulisha mimi na mume wangu Evelio, maana pensheni yake haitoshi hata trei moja ya mayai, na Jumamosi walikuwa wanakuja Waitaliano wawili walioandika mara tatu kuuliza kama pana maji baridi. Fundi alikuwa na mota moja tu. Alitaka peso elfu thelathini na mbili, na aliahidi kunitunzia mpaka Ijumaa asubuhi. Ikipita hapo, anampa mwenye mkahawa wa kona.

Sasa biri. Evelio ni msokotaji, tena wa mkono wa kushoto. Miaka thelathini na nane alikaa kwenye meza ya kiwanda akisokota majani ya tumbaku, huku msomaji akiwasomea magazeti na riwaya kutoka jukwaani. Kila biri iliyotoka mikononi mwake ilivishwa mkanda wa karatasi wa dhahabu wenye jina la mtu mwingine. Wengi wa watu hao ni marehemu zamani, lakini sifa walizipata wao. Alipostaafu Evelio aliapa kwamba biri zake za nyumbani hazitavaa mkanda wa mtu.

"Kizuri chajiuza," husema.

Ndiyo, kizuri chajiuza! Kizuri kilikaa juu ya kabati langu miaka miwili kikijiuza kwa vumbi. Mwaka jana dole gumba lake likakakamaa, akashindwa kusokota kabisa, na zile ishirini zilizokuwemo kwenye sanduku la mbao zikawa ndizo za mwisho. Alikuwa hazivuti. Kila Jumapili alilishusha sanduku, akazinusa, akalirudisha, na mtu mzima akinusa kitu kila Jumapili bila kukitumia mimi simwelewi.

Siku ile Gerrit alipofika, Evelio alishusha sanduku mbele yake. Sijawahi kumwona akimfanyia mgeni hivyo. Akachagua moja, akampa kwa mikono miwili.

"Ya kwako, bwana. Karibu nyumbani."

Gerrit akaigeuza huku na huku, akaitazama kichwani, akaitazama mkiani.

"Mkanda wake uko wapi?"

"Haina mkanda. Nimesokota mwenyewe."

"Asante sana, mzee," akasema Gerrit, akairudisha ndani ya sanduku kwa adabu zote za Ulaya. "Usinielewe vibaya. Nimesoma sana kuhusu biri bandia. Zisizo na mkanda sivuti."

Evelio hakumaliza wali wake siku hiyo. Mimi nilimaliza wangu na wake, maana hasira hunipa njaa.

Alhamisi, siku moja kabla ya safari yake, Gerrit alirudi kutoka duka kubwa la biri akiwa mwekundu kama nyanya. Duka la serikali lilikuwa limezikataa peso za serikali. Walitaka kadi ya fedha za kigeni, na kadi yake ilikuwa na matatizo yake. Uwanja wa ndege nao walikuwa wamemjibu kwamba kuuza peso wanauza, kununua hapana.

"Migdalia, nimebaki na peso elfu arobaini," akasema, ameishika bahasha kama mtoto mchafu wa jirani. "Kwetu hata kasuku wa mtu hatazipokea. Nizifanyeje?"

Nikalitazama sanduku juu ya kabati. Evelio alikuwa ametoka kupanga foleni ya mkate, na foleni ya mkate kwetu ni safari. Niliona aibu, nasema kweli. Ila aibu haipozi maji.

"Kuna mtu namfahamu," nikamwambia. "Nipe nusu saa."

Mtu mwenyewe ni Yunieski wa ghorofa ya chini, ambaye huwauzia wageni majani ya migomba yaliyopakwa asali, yamevishwa mikanda mizuri kuliko ya kiwandani. Nikamwomba mikanda ishirini mitupu.

"Ishirini, shangazi? Na ndani utatia nini?"

"Biri."

"Biri kweli? Ya tumbaku?" Alishtuka kweli kweli. "Shangazi, usituharibie soko! Ukiwazoesha hawa vitu vya kweli, sisi tutakula wapi?"

"Lete mikanda, mwizi wewe."

"Peso hamsini kila mmoja. Na kwa sababu ni wewe, gundi bure."

Nikajifungia jikoni, nikazivisha moja moja. Nilikuwa naifanya biri ya kweli iwe bandia ili ionekane ya kweli. Nikiwaza sana naumwa kichwa, kwa hiyo sikuwaza.

Gerrit akazipokea mezani. Akatoa miwani ya kukuzia, akawasha taa ya simu, akakagua mikanda yote ishirini, herufi kwa herufi. Tumbaku yenyewe hakuinusa hata kidogo.

"Hizi sasa ndizo," akasema. "Unaona, Migdalia? Hii dhahabu haiigiziki."

"Macho unayo, mwanangu," nikamwambia.

Akanihesabia elfu thelathini na tano, nikazitia kifuani. Forodhani wanaruhusu ishirini bila risiti, akanieleza, naye angeivuta moja hapo hapo na kumi na tisa zingesafiri. Akaenda kukaa roshani. Na mlango ukafunguliwa, Evelio huyo na mkate wake kwapani.

"Mzee!" Gerrit akaita. "Njoo uone biri yenyewe sasa. Njoo, vuta kidogo."

Evelio akaipokea. Akaigeuza mara moja tu. Msokotaji wa kushoto huzungusha jani kinyume na wenzake, na hilo halifichwi na mkanda wowote. Akageuza shingo, akalitazama kabati kupitia mlango wa chumba. Kisha akanitazama mimi. Neno moja tu kutoka kwake, na Gerrit angedai bahasha yake, na Ijumaa mota ingekuwa kwa mwenye mkahawa. Nikashika kifua changu juu ya zile pesa. Uso wake sikuweza kuutazama.

Akavuta. Akauachia moshi utoke wenyewe.

"Unasemaje?" Gerrit akauliza.

"Aliyeisokota alikuwa mtu wa kushoto."

"Unaweza kujua hivyo?"

"Nilifanya naye kazi. Mtu mwenye kiburi sana."

"Yu hai bado?"

"Anaishi kwa mkewe," akasema Evelio.

Gerrit akacheka, akafurahi, akaingia ndani na kutoka na biri nyingine. Akamtilia Evelio mkononi na kumpigapiga bega.

"Hii zawadi yako, mzee. Angalau mara moja maishani uvute kitu cha kweli."

Evelio akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, bwana," akasema.

Gerrit alipokwenda kufunga mizigo yake tukabaki wawili.

"Ngapi?" Evelio akaniuliza.

"Elfu thelathini na tano."

"Mimi nilimpa bure, akakataa."

Nilitaka kumwambia habari za Waitaliano, za mayai, za fundi. Yote alikuwa anayajua. Akauvua mkanda polepole kwa kucha ya kidole kizima, bila kuuchana, akaushika mkono wangu wa kushoto. Pete yangu ya ndoa niliiuza miaka ile ya njaa, kwa mafuta ya kupikia na jozi mbili za viatu vya watoto, na tangu hapo kidole kile kiko wazi. Akanivisha ule mkanda wa karatasi ya dhahabu, akausukuma hadi kwenye kifundo.

"Mkanda ndio ulionunuliwa," akasema. "Uvae wewe."

Nikalia kama mjinga, na yeye akaiwasha biri yake ikiwa uchi, akanigeuzia mgongo.

Ijumaa Gerrit akaondoka na furaha yake, fundi akaja na mota. Saa saba friji ilinguruma. Nilisimama mbele yake nimeweka kiganja juu ya mlango, nikiusikia ule mtikisiko, na mkanda bado uko kidoleni. Ikanguruma dakika kumi hivi. Kisha umeme ukakatika, jengo zima likanyamaza.

Ndipo nikaisikia sauti ya Evelio kutoka roshani, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Migdalia! Hebu niletee maji baridi."