Nilimzamisha

...nilimzamisha, ndivyo alivyosema yaya pale kizimbani, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake, na sasa mahakama nzima inamtazama mkalimani, anayelipimapima neno hilo, maana mtoto wa tajiri wa yaya amekufia kwenye pipa la maji na Kiswahili kinadai moja kati ya mawili, alizama au nilimzamisha, ilhali lugha ya kwao, yake mkalimani na ya huyu yaya, haina kuzama wala kuvunjika, kule kikombe huvunjwa tu, na aliyekuwa karibu nacho ndiye aliyekivunja hata kama alikuwa amekipa mgongo... "Mkalimani, mshtakiwa amesemaje?" hakimu huyo, "Naam, mheshimiwa, kidogo tu," anajibu, karani anapiga miayo, na yaya anamkodolea macho yeye peke yake, anaongeza kwa lugha yao, "Kaka, waambie nilikuwa naanua nguo," naanua nguo, mama yake mkalimani naye alikuwa anachambua maharage siku ile mtoto wake mdogo alipopanda ngazi akaanguka, na kila aliyekuja kuhani aliambiwa vilevile, nilimwangusha mwanangu, nilimwangusha, naye mkalimani wakati huo ana miaka kumi na miwili, karudi likizo kutoka shule ya bweni, Kiswahili kimemjaa hadi ndotoni, akalisikia neno lile kwa masikio ya shule, akaona mikono ya mama ikisukuma, akaiona miaka thelathini, hakula tena chakula cha mikono ile, hata kumzika mama hakwenda, mkewe alipomwuliza akajibu, "Yule alimwua mdogo wangu," basi... kumbe mama alikuwa anasema tu nilikuwepo, mimi ndiye niliyepaswa kumwangalia, kumbe alikuwa analia, Mungu wangu, na nani atamwambia sasa, kaburini hakuna mkalimani... "Bwana mkalimani!" na yule mlinzi, mwaka juzi, kizimba hikihiki, niliunguza ghala, alisema, naye akatafsiri chapuchapu kwa kuwa saa ya chakula ilikaribia, niliunguza, neno kwa neno, miaka tisa jela, na mlinzi kabla ya kutolewa aliinamisha kichwa, ahsante kaka, umenisemea vizuri... na kabla ya mlinzi ni nani, miaka kumi na saba ya kazi hii, ni akina nani, ni wangapi, na hakimu anasema, "Tunakusubiri wewe."