Nzi wa Mama Picha

Siku hiyo Mama Picha aliamka na neno moja tu kichwani: leo ni leo. Alipiga mswaki akitazama mawingu dirishani, akaandaa chai akitazama mawingu, na nusu ya chai akaimwaga mezani kwa sababu macho bado yalikuwa huko huko. Mumewe akasogeza mkate usilowe.

"Mke wangu, mawingu hayo hayakimbii. Kunywa chai."

"Yanakimbia! Ndiyo kazi yao, kukimbia!"

Tusimlaumu. Jioni hiyo hiyo droni yake, ile kamera yake ya kuruka, ilikuwa inaondoka nyumbani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa amekubaliana na fundi mwenzake, mmoja aliyeitwa Bonge, wabadilishane: Bonge alete mashine yake kubwa ya kuchomelea, achukue droni. Mama Picha aliposikia aliwaka moto. Yaani kitu alichokinunua kwa jasho la picha za pasipoti, kikabadilishwe na chuma? Thubutu! Wakavutana wiki nzima, mpaka wakafikia neno moja: kama kabla ya Bonge kufika Mama Picha atapata picha ambayo daktari wa macho ataikubali, droni inabaki. Asipoipata, iende na asinune.

Daktari mwenyewe alikuwa mama mmoja mpole aliyefungua kliniki mwisho wa mtaa. Chumba chake cha kusubiria kilikuwa na ukuta mrefu, mweupe, mtupu. Alitaka ukuta huo wote uwe panorama ya mtaa kutoka angani, kuanzia upande huu hadi upande ule. "Mtu nikimvalisha miwani mipya," alisema, "kitu cha kwanza atakachokiona kwa mbali kiwe kwao." Mama Picha nusura amkumbatie. Tangu hapo alikuwa amempelekea panorama mbili, na zote mbili zilirudi.

Ya kwanza aliiachia kamera ijiamulie mwanga yenyewe. Lo, kosa gani hilo! Panorama si picha moja, ni vipande vingi vinavyoungwa. Kamera ikigeukia jua inajipunguzia mwanga, ikigeukia vivulini inajiongezea, na vipande vilipoungwa anga likatoka mistari mistari kama suruali ya kulalia. Daktari akauliza kwa upole kama anga lilikuwa linaumwa. Mara ya pili Mama Picha akawa mjanja, akaufunga mwanga usibadilike. Tatizo ni kwamba aliufunga huku amelenga upande wa vivuli. Jirani wa pili alikuwa ameezeka mabati mapya yanayong'aa mpaka ndege wanayakwepa, na kwenye picha yale mabati yakawa doa jeupe pee, na anga juu yake jeupe pee, utadhani mtu kapindua sufuria ya maziwa. Akajaribu ya tatu, akapunguza mwanga kwa hasira, nyumba zote zikawa nyeusi tititi. Hiyo hata hakuituma. Aliifungia kwenye kompyuta akaenda kulala na njaa.

Lakini ile ya tatu ilimfundisha. Aliikodolea macho asubuhi iliyofuata akajua kitu ambacho hakuna aliyemwambia: kwenye picha, kilichoungua kwa mwanga kimekwenda, hata umlilie nani hakirudi, ila kilichozama gizani kipo, ukikivuta taratibu kinatoka. Basi unapima mwanga kwa kile kinachong'aa kuliko vyote, unaufunga hapo hapo, na vivuli utakuja kuvibembeleza baadaye mezani.

Basi siku hiyo ya mwisho, mchana ulipopinda, wingu jembamba likatandaa mbele ya jua. Jua lilikuwepo, vivuli vilikuwepo, ila makali yamepungua. Mama Picha akapiga ukelele, akakwapua droni na rimoti, akapanda ngazi mbili mbili mpaka juu ya paa la zege.

Chini uani, kwenye karakana, mumewe alikuwa ameinamia geti la watu, kinyago usoni, cheche zinaruka.

"Cheche! Zima mashine! Mwanga wako utaniachia doa!"

"Kazi haisimami kwa ajili ya nzi!"

Nzi. Hivyo ndivyo alivyoiita droni, tangu siku ya kwanza. Na kila Mama Picha alipomaliza kurusha na kushuka, alimkuta mtu huyo ameinama pale pale kwenye geti, jasho linamtiririka, anahema, na swali lake lile lile: "Nzi wako bado hajachoka?" Mtu mwenye moyo wa chuma, Mama Picha alijiambia, na chuma chenyewe kimeshika kutu.

"Bismillahi, twende," akasema, na droni ikapaa.

Kelele za mapanga yake zikameza kila sauti ya mtaa. Mama Picha akaipandisha mpaka ikawa nukta, akaisimamisha. Kwanza kabisa akailenga kwenye yale mabati. Kwenye skrini vikatokea vijistari vinavyochezacheza juu ya bati, ndiyo namna ya kamera kupiga kelele kwamba hapa panaungua. Akapunguza mwanga. Vijistari vikapungua. Akapunguza tena. Vikabaki viwili, ukingoni mwa paa, vikaidi hivyo! Akapunguza kidogo tena, na vikafa. "Hapo hapo!" Akaufunga mwanga. Akazifunga na rangi, zisije zikabadilika njiani.

Sasa ikabaki kuzungusha. Kipande cha kwanza, chap. Akaigeuza kidogo tu, maana kila kipande lazima kipandane na mwenzake, la sivyo havishikani. Chap. Kidogo tena. Chap. Safu ya juu, yenye anga na milima ya mbali, ikaisha bila kasoro. Akainamisha kamera, akaanza safu ya chini, yenye mapaa na njia na nyua. Hapo upepo ukaja. Ile nukta ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Mama Picha alikumbuka ile siku, mwezi ule alipoinunua, ilipogonga waya na kuanguka. Alilia mpaka macho yakavimba, akakaa bila kula, na mumewe akakaa kando ya kitanda ameshika glasi ya maji.

"Tulia, mwanangu, tulia," aliisihi, na droni ikatulia. Chap. Rimoti ikaanza kulia kwamba betri inakwisha. Chap! Chap! Cha mwisho! Akaishusha, ikatua miguuni pake, akaibusu ikiwa bado ya moto.

Aliposhuka, mumewe alikuwa ameinamia geti, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa.

"Mbona unahema hivyo?"

"Geti zito. Nzi wako bado hajachoka?"

Mama Picha akajifungia studio, kwenye kile kichumba chake chenye pazia jeupe la pasipoti na kiti kinachozunguka, akaipa kompyuta vipande vyote iunge. Mstari wa kusubiri ukatambaa, ukatambaa, ukakwama, akautukana, ukaendelea. Kisha panorama ikafunguka.

Weee! Anga moja! Rangi moja, toka mwanzo hadi mwisho, hakuna mstari wala kiraka! Mabati ya jirani unayaona mfereji kwa mfereji, hata misumari. Mama Picha akaruka, kiti kikazunguka, akagonga goti mezani na hata hakusikia maumivu. Nyumba zilikuwa na giza kidogo, sawa, alilitegemea. Akashika kile kitufe cha vivuli akaanza kukivuta polepole. Kikatokea kibaraza. Ikatokea kamba ya nguo. Akatokea paka juu ya ukuta. Akatokea mtu.

Akavuta tena. Njiani, karibu na tangi la maji, mtu mwingine. Na kule chini ya upenu wa jirani wa mabati, mwingine. Watu watatu, ovaroli ya bluu, wote wamesimama vibaya.

"Ebo! Ndiyo nini hiki?"

Akajua ni nini. Panorama hupigwa kipande baada ya kipande; mtu asipotulia mahali pamoja, atatokea tena na tena. Kuna mpuuzi mmoja alikuwa anakimbiakimbia wakati yeye anapiga, na sasa picha ina mtu mmoja mara tatu! Daktari ataicheka. Betri imekwisha, wingu limepita, na huko nje tayari alisikia magurudumu ya mkokoteni na sauti nene ya Bonge ikipiga hodi.

"Nikimjua mtu huyu," alisema kwa meno yaliyokazwa, "nitamla nyama." Akamvuta karibu.

Alikuwa na kinyago cha kuchomelea, kimepandishwa juu ya kichwa. Shingo imekunjwa nyuma, mdomo wazi, macho angani. Na mikono miwili ameinyoosha mbele, viganja juu, kama anayengoja kudaka mtoto. Karibu na geti, hivyo hivyo. Karibu na tangi, hivyo hivyo. Kule kwa jirani, hivyo hivyo, na kiatu kimoja kimemtoka mguuni.

Mama Picha akashika kinywa. Akaifungua ile panorama ya tatu, ile nyeusi tititi. Akavuta vivuli. Nyuma ya tangi la maji, kutoka gizani, akatokea Cheche, mikono mbele. Akafungua ile ya mistari. Cheche yupo, anaruka mtaro. Akafungua ile ya maziwa. Hapo kichwa na mabega vilikuwa vimeungua, vimekwenda na doa, lakini miguu ilibaki, na miguu ile angeitambua popote.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa. "Haya, mke wangu. Bonge kafika," alisema mumewe. Bonge akachungulia nyuma yake. "Shemeji, habari za saa hizi? Usinichukie."

Mama Picha aligeuza skrini.

Cheche akatazama. Akakohoa.

"Huyo si mimi."

"Mtaa huu nani mwingine anatembea na kinyago kichwani?"

Bonge akasogea, akaona, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Bwana wee! Kumbe ndiyo maana geti la watu haliishi!"

"Nyamaza wewe," alisema Cheche, masikio yamemwiva. Alivua glovu, akazikunja, akazikunjua. "Kila nzi wako akipaa, mimi mikono inaisha nguvu. Siwezi kushika kazi. Siku ile alipoanguka ulilia, mke wangu. Sijawahi kukuona vile. Nikasema hatagusa chini tena, nikiwa hai. Kwa hiyo nakimbia. Upepo ukimpeleka huku, nami huku. Ukimpeleka kule..." Akazitupa glovu mezani. "Nataka aondoke kwa sababu nimechoka kukimbia. Mashine ilikuwa kisingizio tu."

Mama Picha alitaka kucheka, akajikuta analia. Alitaka kumtukana, akajikuta amemshika ile mikono yenye makovu ya moto. "Wewe mjinga," alimwambia. "Mjinga wangu. Iko juu kuliko minara, ungeidaka vipi?"

"Sijui. Ningeidaka."

Bonge alifuta machozi ya kicheko, akaupata utu uzima wake. "Lakini makubaliano ni makubaliano. Daktari kasemaje? Shemeji, wafute hao wawili haraka, umtumie."

Aliweza. Ni kazi ndogo kwa mtu anayeijua. Mama Picha alikishika kile kifutio, akamsogelea yule wa karibu na tangi, mkono ukagoma. Akaituma picha vile vile ilivyo, na simu akaiweka mezani katikati yao. Wakaikodolea macho wote watatu. Ilipolia, Cheche ndiye aliyeruka kwanza.

"Mama Picha," sauti ya daktari ikasema, "anga limepona! Na hilo bati, jamani, naona hadi misumari! Lakini hebu niambie, hawa mabwana watatu wa bluu wanangoja nini kidondoke?"

Mama Picha alivuta pumzi. "Ni mmoja tu, daktari. Ni mume wangu. Anangoja droni ianguke aidake."

Bonge akasogeza sikio karibu na simu.

"Usimfute," alisema daktari hatimaye. "Ukimgusa sitaichukua. Nitawapimia wagonjwa wangu kwake. Atakayewaona wote watatu, miwani imemkaa."

Kelele iliyotoka studio siku hiyo ilimtoa jirani wa mabati nje. Bonge aligeuza mkokoteni wake na mashine yake, akaenda zake akicheka peke yake njiani. Cheche alibaki mlangoni, anajikuna kichwa.

"Utarusha lini tena?"

"Kesho, wingu likikaa vizuri. Panda juu na mimi, uone."

Cheche akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi nabaki chini. Ila nionyeshe nisimame wapi."

Basi kesho yake, kabla ya kupanda paani, Mama Picha alichukua ile chaki ambayo mafundi huchorea vyuma, akashuka njiani, akachora msalaba mkubwa chini ya mahali droni itakaposimama. Na siku hiyo alipoinamisha kamera mpaka chini kabisa, mumewe alikuwa pale, mara moja tu, miguu juu ya msalaba, kinyago kichwani, mikono mbele.